Sungura wako amekula mboga na hali yake imebadilika: anza na kinyesi

Mvua zikishika Dodoma, Desemba kuingia Januari, mboga hushuka bei na matatizo ya sungura huanza. Jirani anapiga hodi asubuhi: sungura wa watoto jana alikuwa akirukaruka uani, leo kajikunyata kwenye kona ya banda, macho nusu yamefumba, hataki hata kusogea. Amekula nini? "Mboga tu." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi hapa Ilazo, na karibu kila mara tatizo limejificha ndani ya hilo "tu". Ni mboga nyingi kwa ghafla, au mboga iliyoumuka kwenye mfuko, au mboga peke yake bila nyasi.

Sisi wenyewe tunajua mboga ni kitoweo. Mtu akila bakuli la mlenda bila ugali hatusemi amekula. Kwa sungura, nyasi ndiyo ugali. Kama asilimia 80 ya anachokula kwa siku, au zaidi, iwe nyasi, mbichi au kavu, na mboga za majani zije pembeni.

Sababu iko tumboni. Utumbo mpana wa sungura unachambua chakula: nyuzi ndefu za nyasi zinasukumwa nje haraka na kuwa vile vigololi vikavu, na chembe laini zinarudishwa kwenye kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwa utumbo huo, ambako bakteria wanazichachua. Nyuzi ndizo zinazousukuma utumbo uendelee kutembea. Zikipungua, utumbo unalegea. Sukari na wanga vikizidi, bakteria wabaya wanaongezeka na gesi inajaa. Na sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia yote hadi mwisho.

Kabla hujatafuta kosa

Pinda magoti, angalia sakafu ya banda. Kinyesi cha sungura mzima ni vigololi vya duara, vikavu, vinavyolingana, ukubwa wa dengu au njegere kavu. Chukua kimoja ukivunje kwa vidole: ndani utaona vipande vya nyasi vilivyosagika, kama machujo ya mbao, na harufu ni hafifu tu. Sungura mkubwa hutoa mamia kwa siku. Vikiwa vidogo kuliko jana, vyeusi, vigumu, au vimeshikana kwa manyoya kama shanga kwenye uzi, utumbo umeanza kupunguza mwendo, hata kama mnyama bado anaonekana mchangamfu. Mimi hufagia banda kila asubuhi kwa ajili hiyo hasa. Usafi ni faida ya pili.

Halafu mshike masikio. Yakiwa ya baridi wakati hewa ya nje si baridi, ni ishara mbaya; joto la mwili wa sungura mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Mpapase tumbo taratibu: linatakiwa liwe laini, lisiwe limekaza. Mwisho mpe kitu anachokipenda kuliko vyote, jani la giligilani kwa mfano. Akikinusa na kugeuza uso, hilo ni tatizo.

Mambo mawili hayasubiri kusomwa hadi mwisho. Sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 10 hadi 12 ni mgonjwa wa dharura. Na sungura mwenye tumbo lililokaza kama ngoma anahitaji daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kinyesi laini kimemganda matakoni, lakini vigololi bado vipo

Hili ndilo ninaloletewa kuliko yote, na wengi hudhani ni kuhara. Si kuhara. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Cha pili ni laini, kinang'aa, kina harufu kali, na kimeshikana kama kishada cha zabibu changa. Hukitoa mara nyingi usiku au alfajiri na kukila palepale kinapotoka, kwa sababu kimejaa protini na vitamini zilizotengenezwa na wale bakteria. Kwa kawaida hutakiona kabisa. Ukikikuta kimepondwa kwenye sakafu au kimenata kwenye manyoya ya nyuma, maana yake ni kwamba kinatoka kingi kuliko anavyohitaji, au ni laini mno asiweze kukidaka, au hafikii.

Uliza kwanza: anakula nini kitamu? Karoti, ganda la tikiti, ndizi mbivu, pumba za mahindi, kipande cha mkate au chapati kutoka kwa watoto. Karoti imepewa sifa isiyoistahili. Mzizi wake una sukari nyingi, na kipande cha urefu wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kinatosha. Majani ya karoti ndiyo chakula hasa, na pale Soko Kuu la Majengo nimeona yakikatwa na kutupwa chini ya meza. Omba, utapewa.

Ondoa vitamu vyote na pumba. Mwache kwa nyasi na maji kwa wiki moja hadi mbili, ukimpunguzia na majani hadi matako yakauke. Sungura mnene kupita kiasi au mzee mwenye maumivu ya mgongo hashindwi na mboga, anashindwa kujikunja. Huyo anahitaji kupungua uzito au kutibiwa maumivu.

Wakati unatafuta chanzo, msafishe. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, umkaushe kabisa. Nasisitiza kwa sababu ya nzi. Miezi ya joto nzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyochafuka, na funza huanza kula ngozi ya mnyama akiwa hai ndani ya siku moja. Mtu anaweza kuja kumwona Jumamosi akakuta kidonda ambacho Alhamisi hakikuwepo. Ukimkuta na funza, mpeleke kwa daktari.

Anahara kweli, maji matupu

Hapa vigololi havipo kabisa. Umri ndio unaoamua.

Kitoto chini ya wiki 12 kikihara, usianze kubahatisha. Utumbo wake bado haujajaa bakteria wanaotakiwa, na mboga za majimaji humvuruga haraka. Isitoshe, vitoto ndio wanaoshikwa zaidi na koksidia, vijidudu vinavyosambaa kwa kinyesi na kustawi kwenye unyevu. Mboga iliyotupwa sakafuni ikakanyagwa na kukojolewa, kisha ikaliwa, ndiyo njia yake kuu. Dawa ipo, lakini daktari achague aina na kipimo kwa uzito. Kinga ni kuweka majani kwenye susu au kuyafunga kwa kamba ukutani yaning'inie, na kutowapa vitoto mboga mpaka wafikishe wiki 12. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama na nyasi.

Kwa mkubwa, angalia mboga za jana na juzi. Zilikuwa zimeoza? Zimeota utelezi? Aliongezewa aina mpya mbili tatu kwa mkupuo? Ondoa mboga zote, acha nyasi kavu na maji safi mengi. Asipopata nafuu ndani ya saa chache, au akizidi kunyong'onyea, nenda hospitali ya mifugo.

Hapa kuna kosa linaloua sungura wengi kuliko mboga yenyewe: kwenda duka la dawa na kumnunulia kapsuli za amoksilini. Dawa za jamii ya penisilini zikinyweshwa kwa mdomo (amoksilini, ampisilini), na vilevile klindamaisini, huua bakteria wazuri wa kile kifuko na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Sungura aliyekuwa na tatizo dogo anakufa baada ya siku chache, na mwenye nyumba anasema mboga ilimuua. Maafisa mifugo wa kata zetu wamezoea zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo mwambie wazi kwamba mgonjwa ni sungura, na muulize kwa heshima kama dawa anayoandika ni salama kwa sungura. Hatachukia.

Hataki kula, hatoi kinyesi, amejikunyata

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza mnyama.

Nilikuwa na wawili, Kijivu na Pamba. Januari moja nilitoka sokoni na kiroba kizima cha majani ya nje ya kabichi na chainizi zilizobaki. Muuzaji alinipa karibu bure: "Chukua yote mama, kesho yataoza." Nikakiacha kiroba kimefungwa barazani tangu asubuhi. Jioni nilipotia mkono ndani, katikati palikuwa na joto, kama donge la maandazi lililofunikwa likaumuka. Nilidhani ni joto la jua. Nikawapa rundo kubwa, wakafurahi, nami nikafurahi kuwaona. Wiki ile hawakuwa na nyasi za maana. Zile za uani zilikuwa zimekatwa na kutupwa.

Asubuhi Pamba alikuwa amelala kifudifudi, amekandamiza tumbo kwenye saruji, anasaga meno. Si ule mkwaruzo mwepesi wa sungura anayesuguliwa kichwa. Huu ulikuwa mzito, unasikika kutoka mlangoni, na ndiyo sauti ya maumivu. Niliweka sikio ubavuni kwake. Tumbo la sungura mzima lina minong'ono midogo kila baada ya sekunde kadhaa. Lake lilikuwa kimya, halafu likatoa mlio mkali wa gesi, kama maji yanayodondoka ndani ya pipa, halafu kimya tena. Mpaka nilipompata daktari ilikuwa alasiri. Pamba alikufa njiani. Kijivu, aliyekula kidogo, alipewa dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi, akapona baada ya siku tatu.

Nimelifikiria sana kosa lile, na nikilichambua naona matatu yaliyoshikana. Kabichi na ndugu zake hutoa gesi zikiliwa kwa wingi na mnyama asiyezizoea. Majani yaliyobanwa kwenye kiroba yalikuwa yamekwisha anza kuchacha kabla hayajamfikia mdomoni. Isitoshe mboga za majani zikirundikwa na kupata joto, nitrati iliyomo hugeuka kuwa nitriti, ambayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Na hapakuwa na nyasi za kusukuma utumbo. Kimoja peke yake pengine angekihimili.

Ukikuta hali hii, jiulize mambo haya. Tumbo ni laini au kama unga wa kukanda? Basi yaelekea utumbo umesimama. Mpeleke kwa daktari mapema, na wakati unajiandaa mweke mahali patulivu. Masikio yakiwa ya baridi, mpe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo, aegemee. Mwekee nyasi na majani mabichi mbele ya pua na maji kwenye bakuli, kwa sababu wengi wakiumwa hunywa kwa bakuli kuliko kwa chupa ya kuning'iniza. Muache atembee akitaka.

Tumbo limekaza na limetuna? Hapo usimkande, usimlishe kwa nguvu, usimnyweshe kitu. Huenda njia imeziba, na ukiongeza chakula unaongeza shinikizo. Soda, mafuta ya kula na magadi, ambavyo majirani watakushauri kwa nia njema, vyote havina kazi hapa. Mbebe uende.

Kabla ya kulaumu mboga, angalia pia maji. Watu wengi wamekua wakiambiwa sungura hanywi maji, anayapata kwenye majani. Si kweli. Anahitaji kama mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na Oktoba na Novemba za Dodoma, kabla mvua hazijaanza, bakuli linaweza kukauka mchana mmoja. Utumbo usio na maji unakauka, nyasi zinajikusanya, na mwendo unasimama. Joto likipita nyuzi 30 sungura mwenyewe yuko taabani, maana hatoi jasho kama sisi. Masikio ndiyo yanayompunguzia joto.

Na lipo hili la majani yaliyolowa. Wafugaji wengi huapa kwamba mboga yenye maji inaua. Kwa nilivyoona, maji si mkosaji. Wakosaji ni majani machanga ya mvua za kwanza, yaliyojaa sukari na hayana nyuzi, yanayotolewa kwa wingi siku moja, na tope la kinyesi linaloyafuata. Osha mboga, kung'uta, mpe.

Mkojo umebadilika rangi

Mwekundu au wa chungwa: usikimbie. Rangi za mimea hupita kwenye mkojo wa sungura, na akila mchicha mwekundu, biti au karoti unaweza kukuta kitambaa kama kimemwagiwa juisi ya rozela. Mkojo mwingine hutoka wa njano na kugeuka kahawia ukikaa hewani. Mnyime mboga hiyo kwa siku mbili. Rangi ikirudi ya kawaida, basi umepata jibu. Damu yenyewe mara nyingi huonekana kama michirizi au mabonge ndani ya mkojo, haijachanganyika sawasawa. Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi na ana umri wa miaka 3 au 4 kwenda juu, usisubiri siku mbili, kwa kuwa uvimbe wa saratani kwenye mfuko wa uzazi ni wa kawaida sana kwao.

Mweupe mzito kama chokaa: hapa kuna jambo la kuelewa. Wanyama wengi hufyonza kalsiamu kadiri wanavyoihitaji. Sungura hufyonza karibu yote iliyo kwenye chakula, kisha huitoa ya ziada kwa mkojo. Ukungu kidogo ni kawaida. Ukikauka ukaacha unga mzito, au ukitoka kama dawa ya meno, au akikaa muda mrefu akijikamua, kibofu kimeanza kujaa mchanga. Angalia kama mboga zake ni zilezile kila siku: mchicha, sukuma wiki, majani ya mlonge. Zote ni nzuri, zote zina kalsiamu nyingi. Zizungushe na nyingine, na umwongezee maji. Sijawahi kuona faida ya kumnyima mboga kabisa kwa sababu hii, maana mboga mbichi nazo humletea maji.

Anakwenda kwenye chakula, anadondosha

Kidevu kimelowa, manyoya ya shingo yameshikana, anachagua laini na kuacha nyasi. Meno. Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 kwa wiki au zaidi. Nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga, kwa sababu humlazimisha kutafuna kwa upande. Matembele na chainizi havisagi kitu. Mnyama aliyelelewa kwa mboga laini na pumba huota ncha kali kwenye magego zinazomchoma ulimi, na kadiri anavyoumia ndivyo anavyokataa nyasi. Usijaribu kukata meno kwa mkasi wa kucha, yanapasuka. Ni kazi ya daktari.

Anatetemeka, anatoa mate, amelegea ghafla

Fikiria sumu, na uchukue kilichobaki cha chakula uende nacho.

Dawa za kuua wadudu ndizo ninazozishuku kwanza. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa, na si kila bustani inazitimiza. Sungura wa kilo 2 anakula majani mabichi, hayakuchemshwa, mengi kuliko wewe kwa uzito wake. Jenga mazoea na muuzaji mmoja anayelima mwenyewe, umuulize bila haya lini alipuliza mara ya mwisho. Osha kwa maji yanayotiririka. Na jani lenye harufu ya dawa litupe.

Kisha kuna mimea ambayo haifai hata kidogo. Parachichi, kuanzia tunda hadi jani, huumiza moyo. Vitunguu vya aina zote, pamoja na saumu, huharibu damu, ufizi unapauka. Kisamvu kibichi kina sianidi, na sisi wenyewe hatukili bila kukitwanga na kukichemsha sana, sungura hatwangiwi. Majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo na viazi vyake vibichi, maharage mabichi, mnavu, hasa wenye vitunda vibichi. Uani na kando ya njia kuna mnyonyo na lantana, vyote hatari. Mlusina uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba mengi unapendwa na mbuzi, lakini sungura akiula kwa muda ananyonyoka manyoya.

Kurudisha mboga baada ya kupona

Kijivu alipopona sikumpa jani kwa siku tano. Kisha nikaanza na matembele, majani mawili, jioni. Asubuhi nikahesabu vigololi. Vikiwa vizuri, siku ya pili majani manne. Aina moja tu kwa siku tatu au nne, ndipo inaingia nyingine. Ikitokea shida unajua mkosaji bila kukisia. Ukianza na aina tatu kwa pamoja umejifunga mwenyewe.

Kiasi cha mwisho ninachofuata ni kikombe kimoja cha chai cha majani yaliyoshindiliwa kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku, nikikigawa asubuhi na jioni. Sungura wa kilo 2, vikombe viwili. Fungu moja la matembele linamtosha na kubaki. Mpime kwa mizani ya jikoni au ya sokoni. Kukadiria kwa macho hudanganya, manyoya mengi.

Kwa yanayopatikana Majengo na kwa akina mama wa magenge, mimi nayapanga hivi moyoni. Ya kila siku kwa kubadilishana: matembele, giligilani, majani ya karoti, chainizi kidogo. Ya mara tatu kwa wiki: mchicha, sukuma wiki, figiri, majani ya maboga, majani ya kunde machache. Spinachi ninaitoa kwa nadra kwa sababu ya asidi yake ya oksaliki. Kabichi, jani moja la kijani, si zaidi. Letusi ile nyeupe ya duara ni maji matupu, pesa yako itumie kwingine. Tango na pilipili hoho isiyo na mbegu ni kiburudisho. Zabibu, ambazo kwetu hazikosi msimu wake ukifika, tunda moja au mawili kwa wiki, bila kuzidisha, hata watoto wakikuomba. Majani ya mzabibu hupendwa zaidi na yana faida zaidi, ila shamba la zabibu hupuliziwa dawa, hivyo chukua tu kwenye mti wa nyumbani usiopuliziwa. Uwanjani, mbali na barabara na mbwa, kuna mchunga na kishona nguo, na vyote viwili ni vya bure.

Anayekataa nyasi mara nyingi amekwisha zoeshwa utamu. Usimwekee vyote pamoja. Asubuhi weka nyasi peke yake, mboga zije jioni akiwa amekwisha tafuna mchana kutwa. Changanya majani machache ya giligilani ndani ya nyasi ili alazimike kuyatafuta. Mwingine huchukua wiki mbili kukubali, na katika wiki hizo vihesabu vigololi kila siku, maana kumshindisha njaa sungura ni hatari kuliko mboga.

Nyasi zenyewe hazinunuliwi kwa urahisi Septemba, wakati kila kitu kimekuwa vumbi na mbuzi wamemaliza hata mabua. Kata mwishoni mwa masika, Aprili, zikiwa zimetoa maua lakini mbegu hazijakomaa. Zianike kivulini siku tatu nne, ukizigeuza, mpaka shina likivunjwa linalia. Zikibaki na rangi ya kijani na harufu tamu, umefaulu. Zikiwa na vumbi jeupe au harufu ya uvundo zimeshika ukungu, usimpe. Magunia matano yaliyojazwa vizuri na kuinuliwa juu ya mbao, mbali na sakafu na mchwa, yamemvusha Kijivu wangu hadi mvua za Desemba.